Kusababisha si kuzidisha: Asili na maana ya kitenzi 'aggravate'

HABARI nyingi zinazochapishwa katika magazeti ya Kiswahili nchini Kenya huanza safari yake kwa Kiingereza. Ripoti za mashirika ya habari ya kimataifa, taarifa za wizara, hukumu za mahakama na matokeo ya utafiti wa kitabibu huandikwa kwa lugha hiyo kabla ya kufasiriwa. Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri katika taarifa hizo ni kitenzi 'aggravate'.

Kosa linalotendeka huonekana dogo. Ripoti asilia husema kwamba kupanda kwa bei ya nafaka kuliizidisha njaa iliyokuwapo. Habari ikifika kwa msomaji wa Kiswahili, bei ya nafaka huwa 'imesababisha' njaa. Neno moja tu limebadilika, lakini pamoja nalo imebadilika hukumu nzima kuhusu chanzo cha janga.

Asemaye kwamba jambo limesababishwa na fulani humtwika fulani huyo mzigo wote. Asemaye kwamba limezidishwa na fulani humtwika sehemu tu ya mzigo, na huacha swali wazi: kabla ya hapo, nani au nini kilichoanzisha maovu hayo? Historia ya kitenzi chenyewe inaonyesha kwa nini swali hilo halifai kufutwa.

Asili ya neno

Kitenzi 'aggravate' kina asili yake katika Kilatini 'aggravare', maana yake kutia uzito au kuongeza mzigo. Kiini chake ni kivumishi 'gravis', yaani -zito. Kiambishi 'ad', ambacho huonyesha mwelekeo wa kitendo, kilitanguliwa mbele ya mzizi huo, na sauti yake ya mwisho ikabadilika kwa kufuatisha konsonanti iliyoko mbele yake.

Mzizi huo una ukoo mpana. Katika Kigiriki upo 'barys', zito, ambao umetoa jina la baromita, chombo cha kupimia uzito wa hewa. Katika Kisanskriti upo 'guru', yaani zito, na kwa hivyo mtu mwenye uzito wa heshima, mwalimu. Kutoka kwa Kilatini chenyewe, Kiingereza kilipata 'gravity', kani inayovuta vitu ardhini, na kwa njia ya Kifaransa kikapata 'grief', huzuni, kwa kuwa huzuni huulemea moyo.

Hata hivyo, 'grave' kwa maana ya kaburi si wa ukoo huu. Neno hilo ni la asili ya Kijerumani na limetokana na mzizi wenye maana ya kuchimba. Kufanana kwake na 'grave' kwa maana ya jambo zito ni kwa sadfa tu.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuishangaa fikra hii ya uzito. Warumi walimwita mwanamke mwenye mimba 'gravida', aliye mzito, na neno hilo lingali likitumiwa na wakunga na madaktari wanapoandika idadi ya mimba alizowahi kubeba mwanamke. Waswahili, bila kuazima kwa Warumi, humwita mja mzito. Vivyo hivyo, Kiswahili husema kosa zito, adhabu nzito na maneno mazito. Na mgonjwa ambaye maradhi yamemwelemea husemwa amezidiwa.

Kuingia katika Kiingereza

Kilatini 'aggravare' kiliingia Uingereza mara mbili, kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa Kifaransa, lugha ya watawala wa nchi hiyo baada ya uvamizi wa Wanormandi mwaka wa 1066. Kwa njia hiyo, kufikia karne ya 14, Kiingereza kilikuwa na kitenzi 'aggrieve', yaani kudhulumu au kumtia mtu uchungu. Hadi leo mlalamishi anayejiona amekosewa na uamuzi wa mamlaka fulani huitwa kwa neno hilo katika hati za mahakama.

Mlango wa pili ulikuwa wa wasomi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, waandishi waliosoma Kilatini walilichukua neno moja kwa moja kutoka vitabuni na kuliunda kuwa 'aggravate'. Hivyo basi vitenzi hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa katika nyumba tofauti: mmoja ukabaki na maana ya dhuluma anayotendewa mtu, mwingine ukachukua maana ya kuongeza uzito wa jambo.

Hapo mwanzo uzito huo haukuwa lazima uwe wa ubaya. Mtu angeweza kutumia kitenzi hiki kwa maana ya kuongeza tu, au ya kulifanya shtaka lionekane zito zaidi, au hata ya kukuza mambo kupita ukweli wake. Yaani kile ambacho Waswahili hukiita kutia chumvi.

Ushahidi katika Shakespeare

Tamthilia na mashairi ya William Shakespeare yanaonyesha jinsi maana hizo zilivyokuwa zikishindana mwishoni mwa karne ya 16. Katika tamthilia ya Richard II, Bolingbroke anamshtaki mpinzani wake mbele ya mfalme. Anarudia kumwita msaliti, na anasema anafanya hivyo ili kulitia shtaka lake uzito zaidi. Kitenzi alichokitumia ni hiki, na hapa kipo karibu kabisa na maana yake ya kisheria.

Katika soneti ya 146, miongoni mwa zile zilizochapishwa mwaka wa 1609, mshairi anaihimiza roho iuache mwili udhoofike ili akiba ya roho ipate kuongezeka. Kinachoongezeka hapo ni kitu chema, na kitenzi ni kile kile. Mwandishi wa Kiingereza cha leo asingethubutu kukitumia hivyo.

Mfano wa tatu ni wa mzaha. Katika A Midsummer Night's Dream, mfumanguo Bottom anataka kuigiza simba. Wenzake wanahofia kwamba atanguruma kwa kishindo na kuwatisha mabibi waliohudhuria. Naye anawatuliza kwa kuahidi kwamba 'ataiaggravate' sauti yake, hata iwe laini kama ya njiwa. Alichokusudia ni kuipunguza. Alichokitamka ni kuiongeza uzito. Kichekesho hicho kingeweza tu kufaulu kwa hadhira iliyokuwa ikiijua maana halisi ya neno na iliyokuwa imezoea kuwasikia watu wakikosea maneno makubwa ya Kilatini.

Kamusi ya Johnson

Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mashuhuri mwaka wa 1755, maana ilikuwa imetulia. Alieleza kwamba kitenzi hiki hutumiwa kwa njia ya sitiari tu, kwa mfano kuongeza uzito wa shtaka au wa adhabu. Kisha akatoa maana ya pili: kulifanya jambo kuwa baya zaidi kwa kuliongezea hali fulani ambayo si sehemu ya kiini chake.

Fafanuzi hiyo ya pili ndiyo ufunguo. Yapo mambo mawili yanayotenganishwa: kiini cha ubaya, na hali inayokuja juu yake. Palipo na afya, amani au shibe hakuna cha kufanyiwa kitendo hiki. Lazima ubaya uwepo kwanza. Kinachozidisha huja baadaye na kukuta mzigo tayari u begani.

Mgogoro wa maana ya kuudhi

Kandokando ya maana hiyo ya kitaalamu, mitaani palikuwa na maana nyingine. Watu walikitumia kitenzi hiki kwa maana ya kumuudhi au kumkera mtu. Si maana mpya. Inapatikana katika kamusi ya Kifaransa na Kiingereza ya Randle Cotgrave ya mwaka wa 1611, karibu karne moja na nusu kabla ya kamusi ya Johnson.

Kwa zaidi ya miaka 200 maana hiyo haikuzua lawama kubwa. Vita dhidi yake vilianza katika miaka ya 1870, enzi ambapo vitabu vya kuwaelekeza watu jinsi ya kuzungumza kistaarabu vilikuwa vikinunuliwa kwa wingi Uingereza na Marekani. Hoja ya wakosoaji ilikuwa moja: kinachoweza kuongezewa uzito ni ubaya, wala si mtu. Mtu huudhiwa, kosa, ugonjwa na ugomvi ndivyo vinavyozidishwa.

H. W. Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha kisasa kilichochapishwa mwaka wa 1926, aliiweka maana ya kuudhi miongoni mwa maneno ya wasiosoma, na akalalamika kwamba ilikuwa ikipenya magazetini. Lakini Sir Ernest Gowers alipokihariri upya kitabu hicho mwaka wa 1965, alikiri kwamba matumizi ya watu yalikuwa yamewashinda wanasarufi, na kwamba kuendelea kuipinga maana hiyo kulikuwa kung'ang'ania kitu kisicho na maana.

Leo kamusi kuu za Kiingereza huziorodhesha maana zote mbili. Vijana wa Uingereza waliikata nomino yake katika miaka ya 1960 wakapata 'aggro', neno la fujo na ubabe, ambalo lilipata umaarufu miongoni mwa mashabiki wa kandanda waliokuwa wakipigana viwanjani. Hata hivyo, katika maandishi rasmi, maana ya kuzidisha ubaya ndiyo inayotawala, na ndiyo ambayo mfasiri wa habari atakutana nayo mara kwa mara.

Mahakamani

Hakuna mahali ambapo neno hili lina uzito kuliko katika sheria. Mahakama zinazofuata mapokeo ya Kiingereza, zikiwemo za Kenya, Uganda na Tanzania, hupima adhabu kwa kutazama pande mbili za mizani. Upande mmoja huwekwa mambo yanayopunguza lawama ya mkosaji. Upande wa pili huwekwa mambo yanayoizidisha. Miongozo ya utoaji hukumu iliyotolewa na Idara ya Mahakama ya Kenya mwaka wa 2016 iliziagiza mahakama kuzipima pande zote mbili.

Wizi wa mabavu ni mfano ulio wazi. Chini ya kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, anayeiba kwa kutumia nguvu anaweza kufungwa jela miaka 14. Lakini kifungu kidogo cha pili kinasema kwamba ikiwa alikuwa na silaha hatari, au alikuwa pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au alimpiga ama kumjeruhi mtu wakati wa tukio, adhabu iliyowekwa ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu mwaka wa 1987. Wizi ni ule ule. Kilichokuja juu yake ndicho kilichouhamisha kutoka kifungoni hadi kwenye kitanzi.

Nchini Uganda jina la kosa lenyewe hubeba neno hili. Marekebisho ya mwaka wa 2007 katika sheria ya jinai ya nchi hiyo yalitenga kosa la unajisi uliozidishwa uzito, ambalo huhusu, miongoni mwa mengine, mtoto wa chini ya miaka 14, mshtakiwa aliye mzazi au mlezi wa mtoto, au mshtakiwa aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi.

Mwandishi wa habari za mahakama anayefasiri maneno haya kwa pupa hufanya dhuluma. Akiandika kwamba upande wa mashtaka ulitaja 'sababu za kosa', ilhali ulitaja mambo yanayozidisha uzito wa kosa, msomaji ataamini kwamba kilichojadiliwa ni kwa nini mshtakiwa alitenda alilolitenda. Hayo ni mambo mawili yasiyokutana. Sababu ya kosa, kama vile njaa au kuchokozwa, mara nyingi hutajwa na mshtakiwa mwenyewe akiomba apunguziwe adhabu.

Hospitalini

Daktari naye huishi kwa tofauti hii. Moshi wa kuni jikoni huweza kuizidisha pumu ya mtu aliye nayo tayari. Aambiwaye kwamba moshi ndio 'uliosababisha' pumu yake anaweza kudhani kwamba akibadilisha jiko atakuwa amepona, akaacha kutumia dawa zake. Aambiwaye kwamba moshi unaizidisha ataelewa kwamba ana kazi mbili: kuukwepa moshi na kuendelea na matibabu.

Kwa homa ya dengi, ambayo imewahi kulipuka Mombasa zaidi ya mara moja, wagonjwa huonywa wasitumie aspirini, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu. Chanzo cha homa ni virusi vinavyoenezwa na mbu. Aspirini haileti dengi, wala kuiepuka aspirini hakumzuii mtu kuambukizwa. Taarifa ya afya isiyotenganisha mambo haya humwacha msomaji akiiogopa dawa na kumsahau mbu.

Katika habari za taifa

Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, kaunti kame za kaskazini na mashariki mwa Kenya zilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Mifugo ilikufa kwa wingi na familia zikakosa chakula. Mwaka wa 2022, vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano, mafuta ya kupikia na mbolea kote duniani.

Vita hivyo havikuzuia mvua kunyesha Marsabit wala havikukausha visima vya Wajir. Vilikuta njaa ipo vikaizidisha. Aliyeandika kwamba vita 'vilisababisha' njaa kaskazini mwa Kenya aliuhamisha mjadala kutoka kwenye mabwawa, masoko ya mifugo na maandalizi ya serikali, akaupeleka kwenye uwanja wa vita ambao Mkenya hana usemi nao.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zinatoa funzo zito zaidi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ambayo iliwasilisha ripoti yake Oktoba 2008, ilirekodi vifo vya watu 1,133. Ripoti hiyo haikuishia kwenye matokeo ya kura ya urais yaliyozozaniwa. Ilirudi nyuma hadi kwenye ghasia za kisiasa za miaka ya 1990, manung'uniko kuhusu ardhi, ukosefu wa usawa na mazoea ya kutowaadhibu wachochezi.

Mzozo wa matokeo ya kura ulikuwa cheche, na asiyeutaja atakuwa ameficha ukweli. Lakini aandikaye kwamba mzozo huo pekee ndio uliosababisha umwagaji damu huwafundisha wasomaji kwamba uchaguzi ukipita salama hakuna kilichobaki cha kutatuliwa. Kuni zilizokusanywa kwa miaka mingi huachwa pale pale, zikingoja cheche nyingine.

Vitenzi vya karibu

Kiingereza kina vitenzi vingine vya kuelezea kuzidi kwa ubaya, na kila kimoja kina sura yake.

'Worsen' ndicho cha asili ya Kiingereza chenyewe, na kimekuwapo tangu karne ya 13. Baadaye kilipungua katika maandishi ya wasomi kikabaki katika lahaja za mashambani, hadi waandishi wa mwanzo wa karne ya 19, kama vile Robert Southey na Thomas De Quincey, walipokirejesha katika fasihi. Huweza kumaanisha kuwa mbaya zaidi au kufanya kuwa mbaya zaidi.

'Deteriorate' kimetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbaya zaidi. Aghalabu huelezea kitu kinachoharibika chenyewe polepole, kama barabara, uchumi au uhusiano. Kiswahili kina kitenzi kinachokifaa barabara: kuzorota.

'Exacerbate' kimejengwa juu ya 'acerbus', neno la Kilatini lenye maana ya ukali na uchungu wa ladha. Hapa pia Kiswahili hakikosi jibu. Chakula kikiingia ukali husemwa kimechacha, na vita au ugomvi ukipamba moto husemwa umechacha.

Hazina ya Kiswahili

Kwa 'aggravate' chenyewe, kitenzi cha kawaida ni kuzidisha. Kimetokana na kuzidi, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu kuongezeka. Kiambishi cha kusababisha mwishoni mwake huonyesha kwamba yuko mtendaji aliyeleta ongezeko hilo. Ikumbukwe kwamba kinachosababishwa hapo ni ongezeko, si ubaya wenyewe. Ndiyo maana ni heri kukitaja kinachozidishwa: kuzidisha maumivu, kuzidisha uhasama, kuzidisha uzito wa kosa.

Panapohusika uchungu wa moyo au jeraha la zamani, kipo kitenzi kutonesha. Mtu hutoneshwa penye kidonda. Hawezi kutoneshwa penye ngozi nzima. Hakuna kitenzi cha Kiswahili kinachoikaribia zaidi fafanuzi ya Johnson, kwa sababu ndani yake mna kidonda kilichotangulia. Mwenye kutaka lugha ya mkazo anaweza kusema kutia msumari moto juu ya kidonda.

Panapohusika ugomvi au fujo, kuchochea hufaa, mradi moto uwe umekwisha kuwashwa. Na panapokusudiwa ile maana ya mitaani, kuudhi, kukera na kuchokoza yanatosha.

Kusababisha na kuzua vibaki kwa jambo ambalo lisingekuwapo kabisa bila kitu kinachotajwa. Kabla ya kuvitumia, mhariri anaweza kujiuliza swali moja tu: kabla ya tukio hili, je, ubaya huu ulikuwapo? Jibu likiwa ndiyo, neno analolihitaji ni jingine.

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwandishi aliye mbali na Turkana, na mbali na kizimba cha mshtakiwa, huona neno moja badala ya jingine kuwa jepesi kama usufi. Anayejua uzito wake halisi ni yule ambaye chanzo cha mateso yake kimefutwa katika habari, na kwa hivyo hakuna anayekishughulikia.